Matuta Nyuma ya Hekalu

Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu

   

Kamati iliniagiza nizungumzie historia ya jengo hili. Naomba radhi, kwa maana sitafanya hivyo. Waliochanga fedha, waliochonga milango na walioleta sanamu kwa meli na kwa gari moshi wametajwa vizuri na watu wenye kumbukumbu kuliko mimi. Mimi ni mtu wa saruji, misumari na mabati. Nimezoea kuuliza kitu kimesimama juu ya nini. Kwa hiyo nitazungumzia ardhi, na hasa ile sehemu ya kiwanja chetu iliyo nyuma ya ukuta, ambayo wengi wenu mnaiona mkija kuegesha magari, nayo haionekani katika picha yoyote ya sherehe zetu. Nazungumzia matuta ya mboga.

Najua kuna waliokunja uso sasa hivi. Jambo hili limetugawa kwa muda. Majirani wamesikia minong'ono, na waumini wamesikia minong'ono mingine. Ni afadhali lisemwe mchana, kwa lugha ambayo sote tunaielewa.

Nianze mbali kidogo. Mji wetu haukuzaliwa na reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, lakini miaka mingi kabla yake misafara ya Wanyamwezi, Waarabu na Waswahili ilikuwa inapita hapa kutoka pwani kwenda Ujiji na kurudi. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 walikuta watu waliojijengea makazi ya kudumu, na miongoni mwa wafanyabiashara waliojulikana hapa alikuwapo Musa Mzuri, mtu wa asili ya Surat, Gujarat. Hakuwa wa dini yetu, alikuwa Mwislamu, ila lugha ya mama yake ingeeleweka humu ndani leo. Wageni wale walileta bunduki na vitambaa, na ole wetu tukisahau, walisafirisha pia binadamu. Lakini walipotua walilima. Ngano, vitunguu, mipapai na mikomamanga ilioteshwa kando ya nyumba zao za tembe. Miembe mikubwa tunayopumzika chini yake ina asili ya India. Sasa hakuna mtoto wa Tabora anayeiona kuwa migeni. (Kuhusu vitunguu, najua baadhi ya waumini wetu hawavili. Navitaja kama historia tu.)

Na katika Kigujarati tuna neno vadi. Vijana wetu wanalijua kwa maana moja: ukumbi wa jumuiya, mahali pa harusi na karamu. Wazee wao walilijua kwanza kwa maana nyingine, yaani shamba dogo la miti na mboga, bustani yenye kisima. Neno moja kwa vitu viwili. Sijui kama mababu walikusudia, ila kwangu mimi inaeleweka, kwa maana jamii ilikutania mahali penye kivuli na maji, kisha baadaye ikajenga paa.

Sasa nije Choma.

Wengi hapa mnanijua kwa duka la mjini, lakini mimi ni mtoto wa Choma, Choma cha Nkola, upande wa Igunga. Bapuji alikuwa na duka la rejareja: khanga, chumvi, mafuta ya taa, majembe, kiberiti. Msimu wa pamba ukiwa mzuri, duka lilikuwa zuri. Ukiwa mbaya, tuliandika madeni. Nyuma ya duka palikuwa na eneo la wazi, labda robo ekari, na mwisho wake palikuwa na ua wa minyaa. Ng'ambo ya ua aliishi mama mmoja wa Kisukuma ambaye sisi watoto tulimwita Mayu, kama walivyomwita watoto wake. Mama yangu, ambaye tulimwita Ba, hakuwa na nguvu za jembe. Mayu alikuwa nazo, ila kwake maji yalikuwa mbali, na sisi tulikuwa na kisima. Kwa hiyo wakakubaliana. Hakuna aliyeandika lolote. Mayu alilima upande wetu wa minyaa, akachota maji yetu, na mazao yakagawanywa kwa namna ambayo wanaume wa nyumba zote mbili hawakuelezwa. Nilikua nikila matembele, mlenda, bamia na kotimiri kutoka pale. Ba alimfundisha Mayu kuotesha uwatu; Mayu alimfundisha Ba kukausha majani ya kunde kwa ajili ya kiangazi. Mpaka wa kweli baina yetu haukuwa ule ua. Kulikuwa na pengo katikati ya minyaa, pana kiasi cha mtu mmoja na ndoo.

Bapuji alifariki, kisha Ba. Mimi nilikwisha kuhamia mjini. Katika miaka ya tisini, biashara iliponibana, niliuza kile kiwanja cha Choma. Niliuza kwa mtu mwema, kwa bei ya haki, kwa maandishi na mashahidi. Kila kitu kilikuwa sahihi. Mwezi uliofuata nilikwenda kuchukua mizani ya zamani ya Bapuji nikakuta minyaa imeng'olewa yote, na eneo lote limekwanguliwa tayari kwa msingi. Mayu, sasa bibi wa makamo yale ya kutembea na fimbo, alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake akichambua mboga. Mboga alizichuma wapi, sikuuliza. Alinisalimu, akaniuliza habari za watoto. Hakunidai chochote. Hakunilaumu. Na mimi, ndugu zangu, sikuwa nimemwambia. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba katika mauzo yale kulikuwa na mtu wa tatu. Miaka thelathini ya jembe lake ilikuwa ndani ya bei niliyopokea, na mimi sikuijua mpaka nilipoiona ardhi tupu.

Sikuvunja sheria. Nalisema hilo kwa sababu nimejiambia mara nyingi, na halijanisaidia.

Ninyi wenzangu wa umri wangu mnakumbuka upande mwingine wa jambo hili. Mwaka 1971 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwezi Aprili mwaka ule ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo: nyumba za thamani ya shilingi 100,000 na kuzidi, ambazo mwenyewe hakuzikalia zote, zilichukuliwa kuwa mali ya umma, na zile zilizokuwa zimetimiza miaka kumi hazikulipiwa fidia. Sikuja kulijadili hilo. Lilikuwa na sababu zake. Nchi ilikuwa changa, na wapangaji wengi waliona kwamba hatimaye wameonekana. Naeleza tu lilivyoingia nyumbani. Kaka yangu, na hapa majirani msichanganyikiwe, kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, alikuwa na nyumba mjini yenye vyumba vya kupangisha. Alipakia masanduku, akaenda Leicester na watoto wake. Alikufa huko. Katika barua zake hakuulizia vyumba. Aliulizia mlimau uliokuwa uani.

Na mlimau haukukatwa. Mama mmoja aliyepewa chumba upande wa uani aliutunza. Aliambiwa na watu kwamba wenye nyumba wa zamani walikuwa ndugu zetu. Basi kila msimu, kwa miaka mingi, alimtuma mtoto dukani kwetu na kikapu cha ndimu kubwa za kutengenezea achari. Hakulazimika. Hakuna kifungu cha sheria kilichomwagiza. Ba alikuwa akirudisha kile kikapu na sukari au kipande cha kitambaa ndani yake, kwa sababu kwetu si adabu kurudisha chombo kitupu, na nimegundua kwamba kwa Wanyamwezi pia si adabu.

Nimesimulia mambo haya mawili ili mjue ni mtu gani anayezungumza nanyi kuhusu matuta ya nyuma. Ni mtu aliyeona familia yake ikipoteza, kisha akamfanya mwingine apoteze.

Matuta yale yana historia fupi, na wengi hawaijui. Mwaka 1974 mvua ilikuwa haba na chakula kilikuwa shida nchi nzima. Watu walihimizwa kulima kila palipo na udongo, hata mijini. Wazee mnaukumbuka wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Kamati ya hekalu ya wakati ule iliona kiwanja kina eneo la wazi lisilotumika, ikawaambia majirani: limeni. Ilikuwa ruhusa ya mdomo. Mzee mmoja aliyekuwapo yungali hai, yumo humu ukumbini, na amekubali kushuhudia. Wale waliopewa wamekufa karibu wote. Wanaolima sasa ni mabinti zao, wakwe zao na wajukuu, na wachache waliohamia baadaye. Juma lililopita niliwahesabu: kaya 19, matuta 46. Mchicha, matembele, sukuma wiki, nyanya chungu, bamia, pilipili. Ukingoni kuna mwarobaini, na kuna mirihani, ile tunayoitumia sisi ibadani na wao wanayoiweka mlangoni kufukuza mbu.

Nisiwapambie. Bustani si mbingu. Waumini wetu wamelalamika juu ya harufu ya samadi siku za sikukuu, na wana haki. Bomba la maji limekatwa mara mbili na hakuna aliyeona. Mbuzi waliingia mpaka kwenye veranda wakati wa Navratri. Majirani nao wamelalamika kwamba mlinzi hufunga lango jioni, saa ambayo mboga zinahitaji maji, na kwamba mwenzetu mmoja alizoea kuegesha lori juu ya matuta kana kwamba ni changarawe. Na hao pia wana haki. Kisha likaja lililo baya zaidi: mmoja wa walimaji, ambaye sitamtaja na hayupo tena mtaani, aliyauza matuta yake matatu kwa mtu wa nje. Aliuza kwa karatasi ya daftari yenye saini mbili. Yule mnunuzi akamwaga tofali, akaanza kusema ni kiwanja chake. Ilituchukua miezi, na busara ya mwenyekiti wa mtaa, kuyaondoa zile tofali bila ngumi.

Baada ya tukio hilo Kamati iliingiwa na hofu, na hofu ikazaa mpango. Mpango ni huu: kuondoa matuta yote, kuzungusha ukuta, na kujenga fremu kumi za maduka za kupangisha, ili kodi ya pango itunze hekalu. Mji unapanda bei. Reli ya kisasa inajengwa kupitia kwetu, maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, Nzega na Igunga, na nyumba za zamani za mabaraza zinashushwa moja baada ya moja kupisha maghorofa. Kila mwenye kiwanja katikati ya mji anapigiwa simu na dalali. Sisi nasi tumepigiwa.

Mpango huo nani aliuandikia makisio ya gharama? Ni mimi. Nani angeuza saruji? Ni mimi pia, ingawa nilisema kwa sauti kwamba nitatoa punguzo. Haya yamo katika kumbukumbu za kikao, na afadhali myasikie kutoka kwangu.

Nilibadilika kwa jambo dogo. Nilikwenda nyuma alfajiri moja pamoja na fundi kupima kwa futi kamba. Tulipita katikati ya matuta, tukachomeka vijiti. Mama mmoja alikuwa anamwagilia. Alitazama vijiti, akaelewa. Hawa si watu wa kuelezwa mara mbili. Nilijiandaa kwa kelele. Aliweka ndoo chini, akasema, "Mzee, mtaturuhusu tuvune kwanza?" Hakuuliza zaidi ya hilo. Fundi aliendelea kuvuta utepe, mimi nikawa nimesimama Choma, mbele ya minyaa iliyong'olewa. Sikuweza kumjibu. Niliviokota vile vijiti mwenyewe.

Baadaye nilikaa na wakili kijana anayetusaidia bila malipo, nikamwuliza maswali ambayo tungepaswa kuyauliza kabla ya kupiga hesabu ya tofali. Mimi niliishia sekondari, kwa hiyo nitawaeleza kama nilivyoelewa.

La kwanza ni hati. Tumezoea kusema "kiwanja chetu", na hati ipo kabatini. Lakini Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, nayo imekabidhiwa kwa Rais awe mdhamini kwa niaba ya raia wote. Tulicho nacho ni haki ya kuitumia kwa muda uliowekwa na kwa masharti yaliyoandikwa. Kiwanja kilichotolewa kwa ajili ya ibada hakigeuki cha biashara kwa kura ya Kamati. Lazima mamlaka ya mipango miji iridhie kubadili matumizi. Wako wanaojenga kwanza na kuomba baadaye. Jumuiya yenye kumbukumbu ya mwaka 1971 haipaswi kuwa miongoni mwao.

La pili ndilo lililotutia hofu. Tuliambiwa mtaani kwamba mtu akilima ardhi yako miaka kumi na miwili inakuwa yake, na hawa wamelima karibu hamsini. Kuna ukweli ndani yake: Sheria ya Ukomo, nayo ni ya mwaka 1971, inaweka miaka 12 kuwa kikomo cha kudai ardhi mahakamani. Lakini Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya madai namba 193 ya mwaka 2016 iliyohusu ardhi ya shirika la masista, ilieleza masharti ambayo anayedai kwa njia hiyo lazima ayathibitishe, na mojawapo ni kwamba aliikalia ardhi bila ruhusa ya mwenyewe. Aliyekaribishwa hawezi kugeuka na kusema alivamia. Sasa tazameni mambo yalivyo. Kinacholilinda hekalu ni ule ukarimu wa mwaka 1974. Tukisema mbele ya hakimu kwamba hawa ni wavamizi, tunaubomoa ushahidi wetu wenyewe. Tukisema ukweli, kwamba ni wageni wetu walioalikwa, tumesimama imara. Tatizo letu ni kwamba ukweli huo umebaki katika kichwa cha mzee mmoja, Mungu amzidishie umri.

La tatu ni kilimo chenyewe. Kuna wanaosema kulima mjini ni kosa. Si kosa kwa jumla. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilikitambua, zikaweka kikomo cha ekari 3 kwa mkulima na kumtaka asiwe kero kwa wengine. Matuta yetu yote kwa pamoja hayafiki ekari moja. Kero ni jambo la kupangana.

Niwapeleke Nairobi kwa dakika chache, kwa sababu jambo hili lilikwisha kutokea huko kwa mtu anayefanana nasi. Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa Mbohora, mzaliwa wa Karachi, aliyepata utajiri kwa kandarasi za reli ya Uganda. Mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani katikati ya mji, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1936, na utajiri wake mwingi ulikuwa umekwisha kupotea. Bustani ilibaki. Ikawa mahali pa vibarua kulala mchana, wahubiri kuhubiri, wasio na kazi kusoma gazeti lililosomwa na wengine kumi. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kujenga hapo jengo la kuegesha magari. Mjukuu wake, Bi. Zarina Patel, alisimama kuupinga, na Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa ametoka kuitetea Uhuru Park dhidi ya ghorofa sitini, alimuunga mkono. Waliotia saini na kupaza sauti walikuwa wananchi wa kawaida, wale wale wa kulala kwenye majani. Jengo halikujengwa.

Kinachonigusa ni nani walioitetea. Mwafrika wa Nairobi mwaka 1991 hakuwa na sababu nyingi za kumpenda tajiri wa Kiasia wa zama za mkoloni. Lakini aliijua bustani, na aliketi ndani yake. Soko alilojenga Jeevanjee, nyumba zake, meli zake, hakuna aliyeandamana kwa ajili ya hivyo.

Na sisi je? Siku likitokea la kutokea, na kwa umri wangu nimeona mambo yakitokea, ni nani atakayesimama kwenye lango letu? Wapangaji wa fremu kumi watahamia fremu nyingine. Wakati wa zile tofali, waliokesha usiku pale nyuma ili msingi usichimbwe hawakuwa waumini. Walikuwa walimaji, wakiwa na tochi na watoto mgongoni. Sisi tulikuwa tumelala. Nami nilikuwa nimelala.

Sasa nitoe ninachopendekeza, na Kamati italijadili Jumapili ijayo.

Hekalu linahitaji fedha. Sitajifanya kwamba halihitaji. Paa linavuja upande wa mashariki, na michango imepungua kwa kuwa tumepungua. Lakini upande wa barabarani kuna ukanda wa changarawe ambao haujawahi kuota hata magugu. Hapo panatosha fremu tatu, labda nne tukiwa wabanifu, bila kugusa tuta. Tuombe kibali cha mamlaka kwa ukanda huo pekee. Saruji nitaitoa kwa bei niliyonunulia, na risiti zitabandikwa ubaoni.

Matuta yabaki, ila yaandikwe. Mpima ardhi aje aonyeshe bikoni zetu, majirani wakiwapo. Kisha tuandikiane na kikundi cha walimaji ruhusa ya kutumia, inayohuishwa kila mwaka, isiyo na kodi. Iseme wazi kwamba ardhi iko chini ya hekalu, kwamba tuta haliuzwi wala halikodishwi, na anayeliacha analirudisha kwa kikundi. Iseme pia wajibu wetu: lango litafunguliwa jioni mpaka maji yamalizike, maji ya kisima yatakuwa na zamu, lori halitaegeshwa, na siku za sikukuu samadi haitaguswa. Na kuna sentensi moja ambayo nimeiandika kwa mkono wangu, nami naomba isifutwe na wakili wala na Kamati yoyote ijayo: kwamba hekalu likihitaji sehemu yoyote ya matuta, litatoa taarifa mapema, msimu mzima, na hakuna atakayeondolewa kabla hajavuna.

Karatasi hiyo isomwe kwa sauti katika Kiswahili mbele ya wote, na nakala moja ikae kwa mwenyekiti wa mtaa.

Wapo waumini wanaouliza bustani inahusiana nini na ibada. Kila Navratri tunaotesha mbegu katika chungu mbele ya Mama, tunaita javara, na kwa siku tisa tunatazama majani yakipanda. Nilimwuliza Maharaj udongo wa chungu kile unatoka wapi. Alishangaa kwamba sijui. Unachotwa nyuma, kutoka kwenye tuta la yule mama wa ndoo. Ni yeye anayeuchekecha kila mwaka, na hajawahi kulipwa wala kuomba malipo.

Mayu wa Choma alikwisha kufariki. Mwaka jana nilikwenda kuwaona wanawe, nikawaeleza yote niliyowaeleza ninyi. Walinisikiliza kwa heshima. Mkubwa wao akasema mama yao alijua kwamba sikukusudia, ila alikuwa akisema, "Yule mtoto wa dukani angeniambia tu, ningeng'oa mizizi ya mihogo." Nimewaomba wanipe mahali pa kupanda minyaa upya, upande wao. Wamenipa hatua kumi.

Nimeongea kuliko nilivyopewa. Chakula kiko tayari chini ya mwembe, na majirani tafadhali msiondoke. Mchicha na bamia mtakazokula zimechumwa leo alfajiri hapo nyuma, na waliozichuma wameketi safu ya tatu na ya nne. Kotimiri ni ya tuta namba kumi na saba. Karibuni sana.